Anaishi Leicester, Moyo Uko Liverpool: Wahindi wa Kampala na Nairobi Walivyochagua Timu Uingereza

Kwenye ubishi wa mpira kuna swali moja ambalo likitoka tu, mtu mzima na akili zake anapandisha hasira: "Wewe na hiyo timu wapi na wapi?"

Uingereza swali hilo limewaandama sana mashabiki wenye asili ya Asia. Mtu kazaliwa Leicester, kasoma Leicester, duka la baba yake liko Leicester, lakini ukimwuliza timu anakwambia Liverpool. Au Manchester United. Majirani wanamcheka. Anaitwa mfuata makombe, bendera fuata upepo, shabiki wa kwenye kochi.

Utani mtamu, lakini ukichimba kidogo unakuta historia nzito, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeanzia hukuhuku Afrika Mashariki.

Safari inaanza Nairobi na Kampala

Baada ya uhuru, Wahindi wengi wa Kenya, Uganda na Tanganyika walibaki na pasipoti za Uingereza. Kenya ilipopitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara mwaka 1967, wale wasiokuwa raia walianza kubanwa. Wakapanda ndege kwenda London. Walikuwa wengi kiasi kwamba mapema 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku 3 tu sheria ya kuwapunguza. Pasipoti ni ya Uingereza, lakini mlango wa Uingereza unafungwa. Noma.

Kisha ikaja Agosti 1972. Idi Amin akatangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke, akawapa siku 90. Watu waliacha maduka, mashamba, nyumba, magari na hata mbwa wao. Karibu 28,000 waliishia Uingereza. Ndege ya kwanza ilitua Stansted tarehe 18 Septemba 1972.

Siku chache kabla ya ndege hiyo kutua, halmashauri ya jiji la Leicester ilikuwa imelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus. Ujumbe wake kwa ufupi: Leicester pamejaa, nyumba hakuna, shule hazina nafasi, kwa faida yenu wenyewe msije.

Basi tangazo likageuka kuwa kama mwaliko. Wengi ambao hawakuwa hata na habari na Leicester waliijua kupitia gazeti hilo, tena waliokuwa na ndugu kule walikuwa na sababu yao tayari. Wakaenda. Walijaa kwenye viwanda vya nguo, soksi na mashine za kuchapia, na polepole wakafungua maduka kwenye barabara ya Belgrave. Leo sehemu hiyo inaitwa Golden Mile kwa wingi wa maduka ya sari na dhahabu.

Hawa hawakuwa watu wasiojua michezo. Timu ya hoki ya Kenya iliyomaliza nafasi ya 4 kwenye Kombe la Dunia mwaka 1971 ilijaa vijana wa Kihindi, Masingasinga wengi. Kriketi walicheza, mpira walicheza. Na majina ya timu za Uingereza hayakuwa mageni huku kwetu: Simba ya Dar es Salaam yenyewe iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971. Kwa hiyo mtu aliyeshuka kwenye ndege akiwa na sanduku moja alikuwa anajua vizuri kwamba kila mji wa Uingereza una timu yake.

Uwanja upo karibu, lakini...

Leicester City wakati huo ilicheza kwenye uwanja wa Filbert Street. Kutoka Belgrave unafika kwa miguu bila hata kutoa jasho. Tena ilikuwa timu ya daraja la juu, yenye wachezaji wazuri. Kwa nini basi baba wa Kihindi hakumshika mwanawe mkono Jumamosi mchana wakaenda kutazama mpira?

Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa: kazi. Jumamosi ndiyo siku duka linauza. Kiwandani kuna zamu. Mtu aliyepoteza kila kitu Kampala alikuwa anahesabu kila senti, na kusimama uwanjani kwa saa 2 kwenye baridi ilikuwa anasa.

Sababu ya pili ndiyo inayouma. Viwanja vya Uingereza vya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 havikuwa salama kwa mtu mwenye ngozi ya kahawia. Majukwaa yalikuwa ya kusimama, watu wamebanana, ngumi za mashabiki ni jambo la kila wiki, na nyimbo za kuwatukana Waafrika na Waasia ziliimbwa mbele ya polisi. Chama cha National Front, kilichotaka watu wasio weupe warudishwe walikotoka, kilivifanya viwanja kuwa soko lake la vijana. Gazeti lake la Bulldog liliuzwa nje ya mageti siku za mechi.

Na Leicester hasa hali ilikuwa tete. Kwenye uchaguzi wa halmashauri wa mwaka 1976, National Front ilipata karibu asilimia 18 ya kura za mji huo. Maana yake, karibu mpigakura 1 kati ya 5 aliwachagua watu waliotaka jirani yake Mhindi afungashe tena. Wewe ungekuwa ni baba mwenye mtoto wa miaka 8, ungempeleka kusimama katikati ya umati ambao hujui nani kapiga kura wapi?

Wapo waliokwenda, lazima isemwe. Wolverhampton na West Bromwich, miji yenye Wapunjabi wengi, ilikuwa na mashabiki wa Kihindi uwanjani tangu zamani. West Brom ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na Laurie Cunningham, Cyrille Regis na Brendon Batson, wachezaji 3 weusi katika kikosi kimoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida enzi hizo. Kwa mhamiaji, kuona sura hizo uwanjani kulikuwa na maana yake. Ila waliokwenda walikwenda kwa kundi, walikaa kwa machale, na waliondoka mapema.

Kiti salama kilikuwa sebuleni

Sasa njoo kwenye televisheni. BBC ilianza kipindi cha Match of the Day mwaka 1964, na mechi ya kwanza kabisa iliyoonyeshwa ilikuwa Liverpool dhidi ya Arsenal. Hadi mwaka 1983 mechi za ligi kwa kawaida hazikuonyeshwa moja kwa moja. Kilichokuwepo ni vipande vya usiku wa Jumamosi, na vipande hivyo vilikuwa vya timu kubwa.

Na ni nani alikuwa mkubwa? Liverpool ilichukua ubingwa wa ligi 1973, 1976, 1977, 1979, 1980, 1982, 1983 na 1984. Katikati hapo ikabeba Kombe la Ulaya mara 4: 1977, 1978, 1981 na 1984. Mtoto wa Kihindi aliyefika 1972 akiwa na miaka 5 alikua akiona jezi nyekundu ikinyanyua kombe karibu kila mwaka. Manchester United nayo haikuwa na ubingwa wa ligi miaka hiyo, lakini ilikuwa na jina, ilikuwa na hadithi, na ilionyeshwa.

Sebuleni hakuna anayekutemea mate. Mama anapika, wajomba wamejaa kwenye kochi, chai ya maziwa inapita, na matusi ya jukwaani yakizidi unapunguza sauti. Familia nyingi zilijifunzia mpira hapo. Timu ikaingia nyumbani kama inavyoingia Simba au Yanga kwenye ukoo: kaka mkubwa kachagua, wadogo wakafuata, binamu wakafuata, na mwisho mtaa mzima ni wekundu.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo watu huisahau. Shuleni, mtoto mgeni anahitaji kitu cha kuongea na wenzake. Akisema yeye ni wa Leicester City, anaweza kuulizwa lini alienda uwanjani, alikaa na nani, aliimba nini. Akisema Liverpool, anachohitaji ni kuwa ameangalia TV jana usiku. Na ameangalia.

Je, Liverpool yenyewe ilikuwa mbinguni? Wapi. Februari 1988, John Barnes, winga mweusi wa Liverpool, alirushiwa ndizi akiwa uwanjani kwa Everton, akaipiga kwa kisigino ikatoka nje. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Ubaguzi ulikuwa kila mahali. Ila ule wa mbali unauona kwenye picha, ule wa karibu unakufuata hadi kituo cha basi.

Kwa hiyo walikuwa wafuata makombe?

Kidogo, ndiyo. Hakuna haja ya kudanganya. Mtoto anapenda kushinda, na kama Liverpool ingekuwa inafungwa 5 kila wiki, wasingekuwa na mashabiki wote hao wa Kihindi.

Lakini angalia upande wa pili. Kulikuwa na watoto wa Kizungu kibao huko Devon na Kent, mamia ya kilomita kutoka Anfield, nao walivaa jezi ya Liverpool. Wao walitaniwa siku moja ikaisha. Kwa Mhindi, kutoshangilia timu ya mji kulihesabiwa kama ushahidi kwamba yeye si wa mji huo. Yaani kwanza unamfukuza mtu mlangoni, halafu unamlaumu kwa nini hakai ndani.

Mambo yanaanza kubadilika

Mwaka 1989 mashabiki walikufa kwenye msongamano wa Hillsborough, na ripoti iliyofuata ikalazimisha viwanja vikubwa viweke viti. Mwaka 1991 nyimbo za ubaguzi uwanjani zikawa kosa la jinai. Mwaka 1993 ikaanza kampeni ya kupiga teke ubaguzi kwenye mpira. Majukwaa yakatulia kiasi, ingawa tiketi zilipanda bei.

Mwaka 1996 ikatoka ripoti yenye jina la kejeli, likimaanisha kwamba Waasia hawawezi kucheza mpira. Ilionyesha kinyume chake: vijana wa Kiasia walikuwa wanacheza kila wikiendi kwenye ligi zao, ila maskauti wa klabu walikuwa hawaendi kuwaangalia.

Baadaye wajukuu wakaanza kuunda matawi yao. Derby County ina Punjabi Rams, Aston Villa ina Punjabi Villans, West Brom ina Apna Albion, Bradford City ina Bangla Bantams. Wanaingia na ngoma za dhol, wanapiga shangwe, na hakuna anayewauliza wametokea wapi, kwa sababu wametokea mtaa wa nyuma ya uwanja.

2016: Leicester inavuruga familia

Halafu ukaja msimu wa 2015/16. Leicester City, timu iliyokuwa mkiani Krismasi ya msimu uliotangulia, ikiwa chini ya wamiliki wa Thailand na kocha Mwitaliano, ikaanza kushinda. Na kushinda tena. Kampuni za kubeti zilikuwa zimetoa 5,000 kwa 1. Kwa lugha ya mkeka: ukiweka shilingi 1,000, unaondoka na milioni 5.

Tarehe 2 Mei 2016 Tottenham ikatoka sare ya 2-2 na Chelsea, na Leicester ikawa bingwa. Ilimaliza na pointi 81, pointi 10 mbele ya Arsenal. Siku ya kutembeza kombe mitaani walijitokeza watu wanaokadiriwa kufika 240,000, wazee wenye vilemba, akina mama wenye sari, vijana wenye jezi ya bluu.

Hapo ndipo nyumba nyingi zilipogawanyika. Baba wa Liverpool, binti wa Leicester. Mzee anasema yeye ameteseka na wekundu miaka 40, hawezi kuhama uzeeni. Binti anasema mimi nimezaliwa hapa, hii ni yangu. Wote wawili wako sahihi, kila mmoja alichagua kulingana na mlango uliokuwa wazi wakati wake.

Aprili 2021, mechi ya Leicester na Crystal Palace ilisimama kidogo magharibi ilipoingia ili wachezaji 2 waliofunga Ramadhani wapate kufuturu. Mwezi uliofuata Leicester ikaifunga Chelsea 1-0 fainali ya Kombe la FA, na Hamza Choudhury, kiungo aliyelelewa na akademi ya Leicester, ambaye mama yake ana asili ya Bangladesh, akaingia kipindi cha pili. Machi 2025 kijana huyohuyo aliichezea Bangladesh kwa mara ya kwanza, dhidi ya India.

Kwenye sensa ya 2021, asilimia 43.4 ya wakazi wa Leicester walikuwa na asili ya Asia, kundi kubwa kuliko lolote mjini. Jiji lililolipia tangazo la kuwakataa. Hata hivyo kazi haijaisha: wachezaji wa kulipwa wenye asili ya Asia Kusini kwenye ligi za Uingereza hawajafika hata asilimia 1.

Huku kwetu vibanda umiza vimejaa Arsenal, Man United na Chelsea, na sisi pia timu zetu tulichaguliwa na televisheni. Tofauti ni kwamba kijana wa Mwanza yuko mbali na Old Trafford maelfu ya kilomita. Yule wa Belgrave aliusikia uwanja ukilipuka goli likiingia, akabaki ndani na pazia limefungwa.

Na wewe, timu yako uliichagua mwenyewe au ulirithishwa? Na nani?