Maji ya Chokaa Tuliyoyakariri Bure

Form Two tulipuliza mrija ndani ya maji ya chokaa, yakageuka meupe kama maziwa. Tukaandika "kaboni dayoksaidi ipo", tukapata maksi, tukasahau. Stori yenyewe hatukuambiwa.

Ilianza Scotland miaka ya 1750. Joseph Black, daktari kijana, alichoma magnesia akaona uzito wake umepungua. Kumbe kuna hewa imetoka! Hewa hiyo ilizima mshumaa na kutia maji ya chokaa ukungu, kwa sababu ikikutana na chokaa iliyoyeyuka inakuwa chaki isiyoyeyuka. Akagundua hata pumzi yetu inayo.

Sasa skiza. Usiku wa 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos kule Kamerun lilitema gesi hiyohiyo, iliyokuwa imelundikana kwenye maji ya chini. Ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, so iliteremka mabondeni hadi vijijini. Watu kama 1,700 walikufa, wengi wakiwa wamelala. Gesi haina rangi. Wangeionaje? Mwaka wa 2001 bomba liliwekwa ziwani kuitoa polepole.

Ndio maana nasema lile jaribio si la mtihani tu. Gesi hii hukaa pia kwenye visima na mashimo. Mwenzako akianguka huko, usimfuate mbio. Ita watu wenye vifaa. Na usijipime kwa mshumaa, coz gesi inaweza kukulevya kabla haijauzima.

Black alituachia njia ya kuona kisichoonekana. Sisi tuliikariri tu.