Gome Lililorudi

Kila asubuhi maabarani nasaga magome ya miwati, natia unga wake kwenye maji yenye kromiamu, kisha nasubiri. Wenzangu huiita teknolojia mpya. Mimi, kadiri ninavyosoma historia yake, naona mzee aliyeachishwa kazi akiitwa kusafisha uchafu wa mrithi wake.

Kwa karne nyingi ngozi zilidabighiwa kwa magome. Tanini iliyomo hushikana na protini za ngozi na kuizuia isioze. Pwani yetu nayo iliingizwa katika biashara hiyo: enzi za Wajerumani, magome ya mikoko yalisafirishwa kwenda Ulaya. Baadaye ukaja mwati, mti wenye asili ya Australia, na mwaka 1949 ikaanzishwa kampuni ya Tanganyika Wattle kule Njombe.

Lakini mshindani alikwishazaliwa. Mwaka 1884, nchini Marekani, Augustus Schultz alipata hataza ya kudabighi kwa chumvi za kromiamu. Gome lilihitaji wiki, hata miezi. Kromiamu ikafupisha kazi hiyo kuwa ya siku chache tu. Leo sehemu kubwa ya ngozi duniani hutengenezwa hivyo. Kromiamu isiyoshikwa na ngozi hutoka na majitaka, na ikigeuka kuwa kromiamu-sita huweza kuleta saratani.

Hapo ndipo gome linaporudi. Tanini ile ile huigeuza kromiamu-sita kuwa kromiamu-tatu, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi, kisha huinasa.

Mwanzoni nilipanga kutumia magome mabichi ya mkoko. Nikakumbuka kuwa mkoko ukibanduliwa gome pande zote hufa. Ningekuwa natenda yale yale ya wasafirishaji wa zamani, ila kwa jina zuri la mazingira. Nikaanza upya na mabaki ya magome ya miwati, yaliyokwisha kukamuliwa tanini. Yananasa kidogo kuliko magome mabichi, na tasnifu yangu itakuwa na grafu zisizovutia sana. Nimekubali.

Kwenye rafu yangu kuna kopo lenye unga uliokwisha kazi. Nimelifunga na kulibandika lebo ya hatari, kwa sababu kromiamu haikupotea. Imehama tu kutoka majini, na bado inahitaji mtu wa kuitunza.