Ukuta wa Udongo: Historia ya Kigali Machoni pa Mwanafunzi wa Usanifu Majengo

Mimi ni mwanafunzi wa usanifu majengo mjini Kigali, na Kiswahili nilikikuta nyumbani, kwa kuwa nimekulia Nyamirambo. Katika masomo yangu nimechora kazi tatu kubwa: maktaba ndogo ya mtaa, shule ya msingi na nyumba za kupanga. Kila kazi iliniuliza maswali yaleyale: jengo liwe na umbo gani, lipatane vipi na mahali lilipo, na lidumu vipi bila kuichosha ardhi. Katika insha hii nadai kwamba maswali hayo hayakuzaliwa darasani. Yana umri wa mji wenyewe, na njia nyepesi ya kuyafuatilia ni kuutazama ukuta: umejengwa kwa kitu gani, na ni nani aliyeamua kwamba unafaa au haufai.

Kabla ya kuwapo mji, nyumba ya Mnyarwanda ilikuwa ya mviringo, iliyosukwa kwa fito na matete na kuezekwa kwa nyasi. Ilikaa ndani ya rugo, yaani boma lililozungushiwa ua wa miti hai, mara nyingi minyaa. Hapakuwa na mitaa. Kila boma lilikaa mlimani pake, karibu na migomba na mashamba yake. Umbo, mahali na vifaa vilikuwa jambo moja, kwa sababu karibu kila kitu kilipatikana kwa mwendo wa miguu.

Mwaka 1907 Mjerumani Richard Kandt alianzisha Kigali kama makao ya utawala wa kikoloni. Nyumba anayokumbukwa kwayo, hapo Nyarugenge, leo ni makumbusho. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani, wapagazi na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, wengi wao kutoka pwani na bara la nchi ambayo leo ni Tanzania. Msikiti wa Al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Mwaka huohuo wamisionari wa Kikatoliki walianza kujenga kanisa la Sainte-Famille kwa matofali ya kuchoma. Tangu hapo tofali jekundu likawa alama ya taasisi: kanisa, shule, ofisi, hata gereza. Udongo mbichi ukabaki kuwa wa mtu wa kawaida. Daraja hilo la vifaa halikuletwa na hali ya hewa wala na uimara peke yake; lililetwa pia na mamlaka.

Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1916, waliwaweka Waswahili katika makazi ya peke yao, wakiwatenga na wenyeji wengine. Biryogo, mtaa jirani na kwetu, una mizizi katika historia hiyo. Kwa ajili ya kazi yangu ya tatu nilipima baadhi ya nyumba zake za zamani. Mbele kuna baraza, katikati kuna ua, na vyumba vimeuzunguka. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vinavyobaki. Bomba ni moja, kamba za kuanikia nguo ni za wote, na mtoto hulelewa na macho ya watu wazima wengi. Walimu wetu huuita mpangilio wa namna hii matumizi bora ya ardhi. Bibi yangu huuita kodi ya mwezi, na bila kodi hiyo asingeweza kubaki mjini. Nilipochora nyumba za ghorofa mbili kwa ajili ya mtaa huo, niliubakiza ua na baraza kila ghorofa. Nilifanya hivyo kwa sababu ya kodi hiyo. Mapenzi ya mambo ya kale yalikuja baadaye.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, Kigali ilichaguliwa kuwa mji mkuu ikiwa na watu wapatao 6,000 tu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.7. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna vita, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, kurejea kwa wakimbizi, na vijana wengi waliotoka vijijini kutafuta kazi. Wengi wao walijijengea wenyewe kwa rukarakara, tofali bichi la udongo lililokaushwa juani, na kuezeka kwa mabati. Mitaa hiyo ya miteremkoni iliitwa akajagari, neno la Kinyarwanda lenye maana ya vurugu. Jina hilo lilikuwa na nguvu: penye vurugu, kinachofuata ni kusafisha.

Mpango mkuu wa mji wa mwaka 2013, na marekebisho yake yaliyozinduliwa mwaka 2020, ulileta utaratibu ambao mji ulikuwa ukiuhitaji. Maji ya mvua huporomosha miteremko yetu kweli, na mabonde yenye majimaji hayapaswi kujengwa. Lakini utaratibu una gharama, na gharama haigawanywi sawa. Wakazi wa Kangondo na Kibiraro, mahali palipojulikana kwa jina la Bannyahe, walihamishiwa nyumba za ghorofa za Busanza. Baadhi yao walikwenda mahakamani wakitaka fidia ya fedha badala ya nyumba. Ubomoaji ulikamilika mwaka 2022. Kwa mtu aliyekuwa akiishi kwa kodi ya vyumba vya uani, nyumba moja ya ghorofani, hata iwe imara vipi, haiwezi kushika nafasi ya vile vyumba.

Mwaka 2019 serikali iliruhusu ujenzi wa rukarakara katika baadhi ya maeneo, kwa masharti ya kitaalamu. Kwangu hilo ni tukio la kihistoria, ingawa halina sanamu wala sherehe. Kifaa kilichodharauliwa kwa zaidi ya karne kiliingia katika kanuni. Sababu ziko wazi. Uzalishaji wa saruji duniani hutoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Saruji ya kiwanda cha Bugarama husafiri zaidi ya kilomita 200 kabla ya kufika Kigali. Tofali la kuchoma nalo hula kuni. Udongo uko chini ya miguu yetu. Hauogopi jua, huogopa maji. Kwa hiyo, katika mchoro wa shule yangu niliupa msingi mrefu wa mawe na paa lenye upenu mpana, nikaweka madirisha pande mbili ili upepo upite. Kigali iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Jengo lililofikiriwa vizuri halihitaji mashine ya kupoza hewa.

Majengo mawili mapya yananisaidia kueleza tofauti ninayoitafuta. Kuba la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa mwaka 2016, linakumbusha umbo la kasri la mfalme huko Nyanza, lakini ni la chuma na vioo. Uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa mwaka 2017, hauigi nyumba yoyote ya kale. Mapaa yake ya tao yalijengwa kwa vigae vyembamba vya udongo wa hapahapa uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa, na mafundi wa hapa walijifunza kazi hiyo wakiijenga. La kwanza limechukua umbo la historia; la pili limechukua mwenendo wake. Yote mawili yana nafasi katika mji, ila mwenendo ndio unaoweza kufika hadi kwenye nyumba ya mtu mwenye kipato kidogo.

Kwa muhtasari, historia ya Kigali inaonyesha kwamba neno “kisasa” limekuwa likitumika kupanga watu, si kuta tu. Sisi tunaojifunza kuchora tutapewa mamlaka ya kuliandika tena neno hilo kwenye michoro yetu. Kabla ya kuchagua kifaa, tuulize kinatoka wapi, na fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza kikipasuka. Kabla ya kufuta ua, tuulize ni nani anayekula kutokana na ua huo.