Mabinti wa Hawa

Watoto wa Adamu na Hawa wanaotajwa kwa majina katika Mwanzo ni watatu, wote wa kiume: Kaini, Habili na Sethi. Mabinti hawakupewa hata mstari mzima. Sura ya 5 inasema tu kwamba Adamu alizaa wana wengine, wa kiume na wa kike, kisha akafa akiwa na miaka 930. Nafundisha darasa la kipaimara hapa Mombasa, na kila tunapofika kwa Kaini na mkewe katika nchi ya Nodi, mkono haukosi kunyooshwa: mwalimu, huyo mke katoka wapi?

Swali hilo ni la kale. Katika karne ya pili kabla ya Kristo, Myahudi mmoja ambaye jina lake halikuhifadhiwa aliisimulia upya Mwanzo kwa Kiebrania, katika kitabu kiitwacho Yubile, akawapa wasichana majina. Kaini alimwoa dada yake Awani. Sethi akamwoa dada yake Azura. Mwandishi huyo aliingia hadi ndani ya msiba wa nyumba ile. Anasema Adamu na Hawa walimlilia Habili miaka 28, ndipo furaha ikarudi na Sethi akazaliwa. Kaini naye, aliyemuua nduguye kwa jiwe, aliangukiwa na nyumba yake ya mawe akafa.

Maandishi ya Kiebrania yalipotea, hadi vipande vyake vilipopatikana katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kugunduliwa mwaka 1947. Waliokitunza kitabu kizima ni Waethiopia. Kanisa lao la Orthodox linakihesabu miongoni mwa Maandiko, na waandishi wake walikinakili kwa mkono katika Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia, kizazi baada ya kizazi.

Nakala iliyowafungulia njia wasomi wa Ulaya ilipitia kwa mtu anayejulikana sana huku pwani: mmisionari Johann Ludwig Krapf. Aliipata kutokana na utume wake Ethiopia, ikafika Tübingen, Ujerumani, na msomi August Dillmann akaitafsiri kwa Kijerumani mwaka 1850 na 1851. Krapf mwenyewe alikuwa ameshatia nanga Mombasa mwaka 1844. Juni mwaka huo alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi, Sheikh Ali bin Mohiddin. Julai alimzika mkewe Rosine, aliyekuwa ametoka kujifungua, na kichanga chao cha kike. Kazi ile ilipochapwa Marekani mwaka 1847 zilitoka sura tatu za kwanza tu. Adamu na Hawa walikuwamo; watoto wao, wa sura ya nne, bado.

Ndiyo maana sikwepi swali la darasani. Nawaambia wanafunzi waandike daftarini: Mwanzo haimtaji kwa jina; Yubile inamwita Awani; na kanisa letu haliihesabu Yubile kuwa Maandiko. Yote matatu ni kweli, na mtoto wa miaka 14 anaweza kuyabeba pamoja. Nataka kila msichana darasani ajue kwamba zaidi ya miaka 2,000 iliyopita msomaji makini aliona pengo lile lile analoliona yeye, akaona mabinti wa Hawa wanastahili kuulizwa habari zao.