Lupasi ya Figo: Dawa Zikikataa, Hatua Gani Hufuata?

Ninakoishi, Kahawa Sukari, kando ya barabara kuu ya Thika, wageni kutoka Mombasa, Malindi na Lamu hawaishi. Wengi huja na mgonjwa, kwa kuwa Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iko karibu. Baadhi ni wasichana na kina mama vijana wenye lupasi ya figo, na kauli ninayoisikia sana ni, "Dawa zimekataa." Kauli hiyo huwafanya watu waache matibabu wakati bado njia zipo. Ndiyo maana naieleza leo.

Lupasi ni maradhi ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, huushambulia mwili wenyewe. Takriban wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa. Ikifika kwenye figo, mkojo hutoa povu kwa sababu ya protini inayovuja, miguu na uso huvimba, na presha hupanda.

Matibabu ya kawaida

Mgonjwa huanzishiwa steroidi, yaani prednisoloni, pamoja na dawa ya kutuliza kinga: maikofenoleti ya vidonge au saiklofosfamaidi ya kudungwa mshipani. Karibu kila mgonjwa hupewa pia haidroksiklorokwini, na huhitaji kupimwa macho mara kwa mara.

Dawa hizi hazifanyi kazi kwa wiki moja. Madaktari hutarajia protini ya mkojo ipungue kwa angalau robo katika miezi 3 na nusu katika miezi 6. Wanaovuja protini nyingi sana huweza kuhitaji muda zaidi. Anayesema dawa zimekataa baada ya mwezi mmoja, bado mapema.

Kabla ya kubadilisha dawa

Swali la kwanza ni kama dawa zimemezwa kweli. Vidonge ni vingi, bei ni kubwa, na steroidi huvimbisha uso, jambo linalomuumiza msichana. Wapo wanaomeza nusu ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Mwambieni daktari ukweli huo bila haya, asije akaongeza dawa kali juu ya dawa isiyomezwa.

La pili ni kama kipimo cha dawa kinatosha kwa uzito wa mgonjwa. La tatu ni biopsi, pengine ya mara ya pili: sindano huchukua kipande kidogo cha figo kikaangaliwe kwa darubini. Protini huweza kuvuja kwa sababu ya uvimbe unaoendelea, ambao dawa huutuliza, au kwa sababu ya makovu ya zamani, ambayo hakuna dawa ya kinga itakayoyafuta. Mwenye makovu akiongezewa dawa kali huambulia maambukizi tu.

Ikithibitika zimekataa

Kwa kawaida daktari hubadilisha: aliyekuwa kwenye maikofenoleti hupewa saiklofosfamaidi, au kinyume chake. Njia nyingine ni kuongeza takrolimasi juu ya maikofenoleti. Ipo pia rituksimabu, inayoondoa chembe za damu zinazotengeneza silaha za kinga. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2012 haukuonyesha faida ya wazi ilipoongezwa kwenye matibabu ya kawaida, lakini hutumika kwa wale ambao dawa nyingine zimeshindwa. Kabla yake ni lazima kupima homa ya ini aina ya B, na kifua kikuu kichunguzwe, kwani kinga ikishuka maradhi yaliyojificha huamka.

Marekani iliidhinisha belimumabu kwa lupasi ya figo Desemba 2020 na voklosporini Januari 2021. Huko Erlangen, Ujerumani, madaktari waliripoti mwaka 2022 wagonjwa 5 wa lupasi sugu waliotulia baada ya chembe zao wenyewe za damu kubadilishwa maabara na kurudishwa mwilini. Kwetu bado ni habari za mbali, lakini zinaonyesha mlango haujafungwa.

Nyumbani

Steroidi haziachwi ghafla. Mwili huweza kuanguka. Mwezi wa Ramadhani, muulize daktari kabla ya kufunga. Mgonjwa ana ruhusa ya kula katika dini yetu, na ruhusa hiyo ni rehema. Maikofenoleti na saiklofosfamaidi hudhuru mimba, na saiklofosfamaidi huweza kuharibu uzazi, kwa hivyo bibi na bwana walizungumze jambo hilo na daktari mapema. Epukeni diklofenaki na ibuprofeni za dukani, pamoja na mitishamba isiyojulikana, kwani figo iliyochoka haiwezi kubeba mzigo huo.

Figo zikishindwa kabisa, kuna kusafishwa damu na kupandikizwa figo, na wenye lupasi hupandikizwa kama wengine. Kwa hivyo mtu akiambiwa dawa zimekataa, na aulize: ni dawa gani, kwa kipimo gani, kwa miezi mingapi, na biopsi inasemaje?

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.