Tundu la hedifoni lilitoka wapi?

Wenzangu, huu ubishi hauishi hapa Niania: mtu iko na risiva kubwa ya stereo ya zamani, yenye tundu la hedifoni hapo mbele. Je, inatosha, ao lazima atafute ampli ndogo ya hedifoni peke yake? Mimi naona historia inajibu vizuri kuliko muuzaji.

Ile plagi nene ya milimita 6.35 haikuzaliwa kwa ajili ya muziki. Ilitoka kwenye meza za kuunganisha simu, karne ya 19. Muziki ulikuja nyuma sana: ni mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee, Marekani, alipotoa hedifoni za stereo kwa watu wa kawaida. Halafu watengenezaji wa risiva wakaanza kuweka tundu. Lakini mara nyingi hawakulipa ampli yake! Walichukua moto uleule wa spika, wakaupitisha kwenye rezista ya mia kadhaa za ohm, basi. Ni ujanja wa bei ndogo, na mimi siucheki, sababu wakati ule kulikuwa na hedifoni kama AKG K240 za ohm 600. Kwa hizo rezista haikuwa taabu.

Kilichogeuza mambo ni Walkman ya Sony, 1979. Mashine ya kubebwa mfukoni, batri mbili ndogo, volti 3 tu. Moto mdogo namna hiyo hausukumi ohm 600, kwa hiyo hedifoni zikashuka hadi karibu ohm 32, na simu zetu zimerithi hizo. Sasa ukichomeka hedifoni ya ohm 32 kwenye risiva ya zamani, kelele utapata, hata nyingi. Lakini rezista ni kubwa kuliko hedifoni yenyewe, basi ampli haishiki tena vizuri ngozi ya ndani inayotikisika. Kwa hedifoni nyingi besi inavimba. Ampli ya hedifoni inayotengenezwa vizuri inatoa sauti kwa ohm moja ao mbili hivi, ndiyo tofauti yote.

Kwa rumba ya kucheza, besi ikivimba nani atalalamika? Lakini kuna muziki wa barabara yetu hii. Huko Epulu, njia ya Mambasa, Colin Turnbull alirekodi Bambuti miaka ya 1950, na wimbo mmoja wa wasichana aliorekodi katika msitu wa Ituri uliwekwa kwenye sahani ya dhahabu ya Voyager mwaka 1977. Ni sauti nyingi zinazopokezana, kila mtu na kipande chake kidogo. Katika rekodi ya zamani namna ile, besi ikivimba, kinachopanda kwanza ni mngurumo wa mashine, na vile vipande vinafunikwa.

Tena kuna mambo ya kuran. Kwa sisi wa sola, risiva kubwa inaweza kula makumi ya wati hata ikiimba polepole, wakati ampli ndogo inaridhika na wati chache. Kwa hiyo, mwenye hedifoni ya ohm 250 ama 300 na kuran ya uhakika, abaki na risiva yake bila haya. Mwenye ohm 32 na batri moja, pesa ya ampli ndogo haipotei. Namba ya ohm huandikwa kwenye karatoni. Uisome kabla ya kulipa.