Duit: Sarafu Ndogo Katika Mfumo Mkubwa wa Unyonyaji

Tunapoeleza historia ya ukoloni tumezoea kutaja bunduki, mjeledi na mikataba ya hila. Sarafu hatuitaji. Tunaiona kuwa ni chombo tu cha kurahisisha kununua na kuuza, kisicho na upande. Katika makala hii tunataka kuonyesha, kwa mfano wa sarafu moja ndogo ya shaba, kwamba fedha humtumikia yule mwenye madaraka ya kuitoa na kuipangia thamani.

Sarafu hiyo ni duit ya Uholanzi. Nchini kwao gilda moja ilikuwa na stuiver 20, na stuiver moja ilikuwa na duit 8. Ilikuwa fedha ya mtu wa chini. Mwaka 1602 mabepari wafanyabiashara wa nchi hiyo waliunda Kampuni ya India ya Mashariki, ambayo jina lake la Kiholanzi hufupishwa VOC. Dola yao iliipa Kampuni haki ya kufanya biashara peke yake mashariki ya Rasi ya Tumaini Jema, na pia haki ya kujenga ngome na kupigana vita. Mwaka 1619 Kampuni iliteka Jakarta, katika kisiwa cha Java, ikaufanya mji huo makao yake makuu kwa jina la Batavia.

Watu wa Java hawakufundishwa fedha na Wazungu. Masoko yao yalikuwa yakitumia sarafu za Kichina zenye tundu katikati, zilizotungwa kwenye kamba. Kampuni iliingiza duit katika masoko hayo, na hapo ndipo ulipo ujanja wenyewe. Stuiver iliyokuwa sawa na duit 8 kule Uholanzi, huku ilihesabiwa kuwa duit 4. Kwa amri tu, shaba ile ile ikivuka bahari thamani yake ilikuwa maradufu. Watu binafsi walipoiona faida hiyo walianza kusafirisha duit kwa magendo. Kampuni haikuifuta faida; iliihodhi. Kuanzia mwaka 1726 ilitengenezewa duit zake maalumu, zenye ngao ya jimbo la Uholanzi upande mmoja, na herufi V, O na C zilizounganishwa pamoja upande wa pili.

Yawezekana msomaji akauliza: ikiwa mkulima alipokea duit kwa thamani hiyo na kuitumia sokoni kwa thamani hiyo hiyo, alinyonywa wapi? Swali hili ni la haki. Jibu ni kwamba duit ilikuwa na thamani hiyo ndani ya mzunguko wa koloni tu. Kahawa na viungo vilitoka nje ya mzunguko huo, vikauzwa Amsterdam kwa fedha iliyokubalika duniani. Mkulima alitoa mali ya kweli, akabaki na kipande cha shaba ambacho hakikuweza kumfuata mnunuzi hadi Ulaya.

Utawala wa Kampuni ulikwisha mwaka 1799 ikiwa imelemewa na madeni, na dola ya Uholanzi ikachukua makoloni yake. Nchini Uholanzi kwenyewe, sheria ya mwaka 1816 iliigawa gilda katika senti 100, na duit ikapitwa na wakati. Java haikuachiwa. Mwaka 1830 Gavana Johannes van den Bosch alianzisha mfumo wa kilimo cha lazima, ambamo vijiji vilitakiwa kutenga sehemu ya ardhi, kwa kanuni moja ya tano, kwa ajili ya kahawa, miwa na nili. Malipo madogo ya wakulima yalitolewa kwa shaba, na shaba ikafurika nchini huku sarafu za madini ya fedha zikiadimika. Kati ya mwaka 1831 na 1877 hazina ya Uholanzi ilipokea zaidi ya gilda milioni 800 kutoka koloni hilo. Zililipa madeni na kujenga reli huko Ulaya. Katika miaka ya 1840 njaa iliua watu Cirebon, kisha Demak na Grobogan.

Duit imekwisha kutoweka, lakini jina lake lingali hai: katika Kiindonesia na Kimalay, duit ni neno la kawaida la fedha. Sisi tusishangae. Neno letu hela limetokana na heller, sarafu ndogo ambayo Wajerumani waliiingiza Tanganyika mwaka 1904, wakati kodi ya nyumba ilipokuwa ikiwasukuma wananchi kutafuta kazi katika mashamba ya walowezi. Mtawaliwa hulijua jina la sarafu ndogo kwa kuwa ndiyo iliyomfikia mkononi.

Wazalendo wa Indonesia walilielewa jambo hili. Walitangaza uhuru tarehe 17 Agosti 1945, na mwaka 1946, wakiwa bado vitani, wakatoa fedha yao wenyewe. Benki ya Java ya wakoloni ilitaifishwa mwaka 1951, na mwaka 1953 ikawa Benki ya Indonesia. Nasi tulianza kutoa shilingi yetu mwaka 1966.

Hata hivyo, sura mpya juu ya sarafu haitoshi. Tuulize daima: nani anapanga bei ya jasho la mkulima, na mali yake inapovuka bahari, thamani yake inarudi kwa nani?